Soko Si Kadhi

Tarehe 31 Januari 2023, kwenye kiwanda cha Boeing huko Everett, jimbo la Washington nchini Marekani, ilikabidhiwa ndege ya 747 ya mwisho kutengenezwa. Ilikuwa ya 1,574 tangu ile ya kwanza iliyoruka Februari 1969. Desemba 2021 Airbus nao walikuwa wamekwisha kukabidhi A380 yao ya mwisho, wakafunga hesabu kwa ndege 251. Mjukuu wangu, anayesomea matengenezo ya ndege Dar es Salaam, alinijia na habari hizo mbili pamoja na swali: "Babu, kama zilikuwa bora kama mnavyozisifu, mbona zimeachwa? Kizuri kinaachwaje?"

Kijana aliuliza kwa adabu, lakini swali lake limebeba imani nzito. Ni imani kwamba kinachobaki sokoni ndicho kilichostahili kubaki, na kilichoondoka hakina cha kulalamikia. Nimeisikia ikisemwa juu ya ndege, juu ya maduka, juu ya lugha, na mwishowe juu ya watu. Wanaoisema wamelifanya soko kuwa kadhi, tena kadhi ambaye hukumu yake haikatiwi rufaa. Ninaikataa kwa sababu za dini yangu na kwa sababu za kazi yangu, na nitaanza na kazi.

Nilianza uanagenzi mwaka 1973 huko Embakasi, Nairobi, kijana kutoka Tanga katika hanga la Shirika la Ndege la Afrika Mashariki. Ndege zetu kubwa wakati huo zilikuwa Super VC10, zilizotengenezwa na Vickers huko Weybridge, Uingereza. Usajili wake uligawanywa baina ya nchi tatu zenye shirika: 5H ya Tanzania, 5Y ya Kenya, 5X ya Uganda. Sisi mafundi tulizifungua na kuzifunga zote bila kujali herufi.

Ili kuielewa VC10 inabidi kwanza kuielewa hewa ya Embakasi. Uwanja ule uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na jua la adhuhuri huizidishia wepesi. Bawa hukosa cha kuegemea na injini hukosa cha kuvuta. Ndege inayoondoka London imejaa watu na mafuta, ikifika Nairobi na kutaka kuondoka tena hulazimika kupunguza mzigo, ama ikimbie mbali mno kabla ya kunyanyuka. Shirika la BOAC la Uingereza, ambalo njia zake zilipita Kano, Nairobi na Johannesburg, lilitaka ndege isiyoshindwa na viwanja vya namna hiyo. Wachoraji wa Vickers wakaanzia kwenye tatizo lenyewe. Injini nne za Rolls-Royce Conway walizipeleka nyuma kabisa, mbili kila upande, chini ya mkia mrefu. Mabawa yakabaki huru, na karibu urefu wake wote ukatumika kwa vile vibawa vya mbele na vya nyuma ambavyo hufunguliwa ndege inapotaka kunyanyuka au kutua polepole. Iliruka kwa mara ya kwanza Juni 1962, na Aprili 1964 ikaanza kubeba abiria kati ya London na Lagos. Aliyeipanda hukumbuka ukimya wa ndani, kwa kuwa kelele zote zilibaki nyuma.

Ilikuwa kanzu iliyokatwa kwa vipimo vya mtu mmoja, kisha mtu yule akanenepa. Viwanja vya Afrika na Asia vikarefushiwa barabara za kurukia ili Boeing 707 na DC-8 nazo ziweze kutua na kuondoka. Barabara iliporefuka, nguvu ya ziada ya VC10 ikakosa kazi, na nguvu hiyo ilikuwa imelipiwa kwa uzito na kwa mafuta. 707 ilimgharimu mwenye shirika fedha kidogo zaidi kwa kila kiti. Boeing waliuza 707 zaidi ya 800. VC10 zilitengenezwa 54 tu, za jeshi zikiwemo. Ile ya mwisho kabisa kutoka kiwandani ilikuja kwetu mwaka 1970, na usajili wake ulikuwa 5H-MOG.

Sitawadhulumu walioichagua 707. Kuchoma mafuta pasipo haja ni israfu, na israfu ni dhambi hata ikifanywa na chombo kizuri. Nauli inayopungua humfikisha mwanafunzi masomoni na mgonjwa hospitalini. Mwenye shirika anayehesabu lita anatimiza amana aliyokabidhiwa. Kwa hiyo sisemi kwamba VC10 ilionewa. Katika shauri lililoletwa, yaani gharama ya kumvusha mtu mmoja bahari, uamuzi ulikuwa wa haki.

Ila hilo lilikuwa shauri moja tu. Kadhi wa kweli huita mashahidi wa pande zote, huuliza nia, huuliza nani alidhulumiwa njiani. Soko lina shahidi mmoja, naye ni bei. Likishamsikia huyo limekwisha kusikia yote. Kosa letu ni kuichukua hukumu ya shauri dogo na kuitangaza kuwa hukumu juu ya thamani yote ya kitu na ya waliokitengeneza.

Angalia Embakasi yenyewe. Uwanja ulifunguliwa mwaka 1958, na ulijengwa kwa jasho la wafungwa wa kizuizini wa wakati wa Mau Mau, waliochimba na kusawazisha ardhi ile kwa amri ya serikali ya kikoloni. Serikali ile iliichukua nguvu yao kama kitu kisicho na bei, na majina yao hayakubandikwa ukutani. Anayesema thamani ya kazi ni ile iliyotambuliwa na soko, analazimika kusema kwamba kazi ya watu wale ilikuwa na thamani ndogo kuliko tikiti moja ya abiria aliyeondokea pale. Simjui Mwislamu wala Mkristo anayeweza kulitamka neno hilo mbele ya Mola wake. Sote tunaamini ipo hesabu nyingine, ambamo jasho lisilolipwa limeandikwa kwa ukamilifu. Basi kama hesabu hiyo ipo kwa wafungwa, ipo pia kwa wachoraji, kwa mafundi, na kwa kila mtu aliyefanya kazi njema ikakosa mnunuzi.

Tena mshindi naye haponi. 707 iliyoishinda VC10 ilikuja kufunikwa na 747, ambayo Pan Am waliianzisha kati ya New York na London Januari 1970. Pan Am wenyewe walifilisika na kusimama Desemba 1991. Katika miaka hiyohiyo ya 1970 McDonnell Douglas na Lockheed waligombania soko moja kwa ndege mbili za injini tatu, DC-10 na TriStar, zilizofanana kiasi kwamba kila moja ilimnyima mwenzake riziki. Lockheed waliacha kutengeneza ndege za abiria baada ya TriStar 250. McDonnell Douglas waliiendeleza yao kuwa MD-11, wakatengeneza 200, na mwaka 1997 kampuni ikamezwa na Boeing. Nyuma yao wote zilikuwa zikija ndege za injini mbili. Kuanzia 1985 sheria ziliziruhusu kwenda mbali zaidi na viwanja vya dharura, na injini moja ilipoaminika kiasi cha kuivusha ndege peke yake, injini ya tatu na ya nne zikawa mzigo. Ndege hizo za injini mbili ndizo zilizoiondoa 747 na A380.

Kama kushinda kungekuwa ushahidi wa ubora, tungelazimika kusema kwamba 747 ilikuwa bora kwa miaka 50 kisha ikaacha kuwa bora, ilhali hakuna kilichoharibika ndani yake. Hilo ndilo jibu nililompa mjukuu wangu: ndege haikuharibika, kilichobadilika ni shida iliyoundiwa. Kizuri kinaweza kuachwa kwa sababu kazi yake imekwisha, kama vile mja mwema anavyokufa kwa sababu siku zake zimetimia.

Akanipinga kwa hoja nzuri. "Lakini, Babu, VC10 zenu hazikufa. Zilitumika jeshini miaka mingi. Si hapo zilipothibitisha ubora wake?" Ni kweli. Shirika letu lilivunjika mwaka 1977, na VC10 nne zilizobaki zikarudi Uingereza kwa ajili ya madeni. Jeshi la Anga la Uingereza likazigeuza kuwa ndege za kunywesha nyingine mafuta angani. 5H-MOG ikaitwa ZA150, ikaruka hadi Septemba 2013, kisha ikahifadhiwa Dunsfold na jumba la makumbusho la Brooklands. Nairobi nafasi ya VC10 ilichukuliwa na mpinzani wake: Kenya Airways ilipoanza Februari 1977, ilianza na Boeing 707 za kukodi.

Hata hivyo siwezi kuufanya umri huo mrefu kuwa ushindi. Nguvu iliyobuniwa ili mtu wa Nairobi anyanyuke salama katika hewa nyepesi iliishia kunywesha ndege za vita. Chombo kinaweza kudumu katika kazi ambayo aliyekitengeneza hakuiombea dua. Kwa hiyo kudumu nako hakutoshi kuwa kipimo, wala kufaa, maana lazima tuulize kinamfaa nani na kwa jambo gani.

Thamani basi iko wapi? Mimi nimeiona mahali ambapo abiria hafiki. Kila siku tulifunga bolti ambazo zingefunikwa kwa bati na kutoonekana tena hadi matengenezo makubwa. Kila moja ilikazwa kwa spana ya kipimo, ikafungwa waya wa kuizuia isilegee, kisha msimamizi akapitisha tochi na kutia saini. Usiku, msimamizi akiwa upande wa pili wa hanga, ungeweza kukadiria kwa mkono. Hapo ndipo nilipokuja kuielewa ihsani niliyofundishwa chuoni Tanga: kutenda vyema kwa sababu yuko Anayeona, hata kama binadamu wote wamelala. Hakuna soko linalolipia bolti iliyokazwa sawasawa zaidi ya ile iliyokadiriwa, mpaka siku ya msiba.

Na msiba ulikuwa umekwisha kutokea kabla sijaingia kazini. Tarehe 18 Aprili 1972, VC10 yenye usajili 5X-UVA ilikuwa ikiondoka Addis Ababa. Tairi la mbele lilipasuka ndege ikiwa mbioni, marubani wakaamua kusimama, na breki hazikutosha. Watu 43 walifariki. Wachunguzi walikuta kwamba sehemu ya mfumo wa breki ilikuwa imeunganishwa upya visivyo. Kwa fundi yeyote habari hiyo ni somo la akida kabla ya kuwa somo la ufundi. Kazi iliyofichika ina uzito kamili hata kama hakuna aliyeipima, na uhai wa mtu asiyekujua umewekwa juu ya kidole chako. Kila ndege iliyotua salama, ya aina iliyoshinda au iliyoshindwa, ilibeba wema wa mikono mingi, na wema huo ulikuwa umekamilika pale abiria aliposhuka. Kiwanda kikifungwa baada ya miaka 20, hakiwezi kurudi nyuma na kuufuta.

Linaloniumiza ni kwamba aina ya ndege haiondoki peke yake. Leseni ya fundi wa ndege huambatana na aina ya ndege aliyoisomea. VC10 zilipoondoka, saini ya mtu aliyeujua kila mfereji wake wa mafuta ikawa haina pa kuandikwa. Wengine wetu tulipata kusomea ndege nyingine, nami nikatumikia Fokker na 737 hadi kustaafu. Wengine hawakupata. Mmoja wao, mkubwa wangu kazini, aliyeweza kuusikia ugonjwa wa Conway kabla kipimo hakijauonyesha, aliambiwa na waliomfanyia usaili kwamba ujuzi wake umepitwa na wakati. Alirudi kijijini akatengeneza pampu za maji. Nilimtembelea nikamkuta anafunga nati za pampu kwa utaratibu uleule wa hanga, akiandika tarehe na kazi kwenye daftari, na pampu zake ndizo wanakijiji walizoziamini.

Waliomwambia amepitwa walichanganya leseni na mtu. Ndege ni chombo, na chombo kikimaliza kazi yake ni halali kukistaafisha, kukivunja, hata kukiyeyusha kipatikane chombo kingine. Ninaikubali hukumu ya soko juu ya VC10, juu ya TriStar, juu ya 747. Binadamu hakuumbwa kwa ajili ya njia moja ya London na Nairobi, na hakuna mashindano ya viwanda yenye mamlaka ya kumtangaza kuwa hafai. Ninyi mnaoendesha mashirika na vyuo, mnapoleta ndege mpya, wekeni katika bei yake gharama ya kuwasomesha upya wote walioitumikia ya zamani, na muwakalishe wazee na wanagenzi pamoja ili walichokijua kiandikwe wangali hai. Gharama hiyo msiihesabu kuwa sadaka. Ni deni, na mtaulizwa juu yake.