Mwiteni Binti Aseme

Somo: Hesabu 27:1–7

 

Neno la leo ni kali, na nimeliandika ili asitokee mtu wa kusema alilisikia vibaya. Tumekuwa watu wa kugombana ugomvi wa wengine. Juni 24, 2022, Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta uamuzi wake wa mwaka 1973 katika kesi ya Roe dhidi ya Wade, ule uliowapa wanawake wa nchi nzima haki ya kutoa mimba, ikarudisha shauri hilo kwa kila jimbo lijiamulie. Tangu hapo watu wa hapa Makutano, Meru, ambao hawajapiga kura Texas wala kulipa kodi California, wanarushiana maneno kama wakwe waliokosana juu ya mahari. Huyu kaitwa muuaji, yule kaitwa mshamba. Wameketi benchi moja kanisani, na wakati wa kupeana amani mmoja anajifanya anatafuta miwani.

Sisemi msibishane. Mimi naamini mtoto aliye tumboni ni wa Mungu, na sitakificha kile ninachoamini ili nipendwe na wasomaji. Ninachowauliza ni hiki: mnapobishana hivyo, yule mnayebishana juu yake yuko wapi?

Fungueni Hesabu 27. Mabinti watano wa Selofehadi, yaani Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza, baba yao amefia jangwani bila kuacha mwana wa kiume, na kwa desturi urithi wake ungepotea. Wakaenda wenyewe. Wakasimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, mbele ya kuhani Eleazari, mbele ya wakuu na kusanyiko lote, wakasema shauri lao kwa vinywa vyao. Na Musa, aliyepokea torati Sinai, hakuwajibu kutoka kichwani mwake! Alilipeleka neno lao kwa Bwana, na Bwana akasema mabinti hao wana haki. Fungueni pia sura ya 36. Wazee wa ukoo walikuja baadaye na hoja yao, nayo ikasikilizwa, yakatengenezwa masharti. Ubishi uliendelea, lakini uliendelea baada ya wale watano kusikika.

Sasa twendeni Nchiru, si mbali, barabara ya Maua. Hapo Aprili 1956 Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, walikutana, serikali ya mkoloni ikiwa imesimama nyuma yao, wakapitisha kwa kauli moja marufuku ya kutahiri wasichana. Marufuku nzuri! Mimi ninaipinga tohara ya wasichana kwa nguvu zangu zote, na ningefurahi kusoma kwamba ilikufa siku ile. Haikufa. Tohara hiyo ilikuwa mikononi mwa wanawake tangu zamani, nao waliona wazee wa kiume na Bwana DC wakiamua jambo lao. Wasichana waliona hivyo pia. Wakanunua nyembe madukani, wakaingia vichakani, wakatahiriana wao kwa wao. Wakapewa jina ambalo bibi zetu wanalikumbuka hadi leo: Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe. Katika miaka mitatu iliyofuata, watu zaidi ya 2,400, wasichana, wanawake na wanaume, walishtakiwa mahakamani kwa kuivunja amri ya Njuri. Wengine walitozwa faini, wengine wakafungwa.

Kanisa lisijione safi hapo. Miaka ishirini na kitu kabla yake, mwaka 1930, misheni ya Wamethodisti hapa Meru iliwataka waumini waape hadharani kuiacha tohara hiyo. Ndani ya wiki chache waumini wakashuka kutoka kama 70 hadi 6. Sita! Amri ilikuwa ya haki, na iliondoka na karibu watu wote kwa sababu ilitangazwa kutoka juu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua kabla ya kuuliza. Wembe ulianza kushindwa polepole, baada ya akina mama wenyewe kusimama, walimu wa kike kusimama, na mabinti kukimbilia shuleni na kukataa kwa midomo yao. Sheria ya 2011 inayoikataza ina meno leo kwa sababu ina mashahidi, na mashahidi hao ni wasichana.

Hamjaona bado ninakokwenda? Basi tazameni Washington tena. Mwaka 1984 Rais Ronald Reagan aliweka sharti: shirika la nchi nyingine likitaka fedha za Marekani za uzazi wa mpango, lisitoe mimba wala kushauri mtu kutoa. Clinton akalifuta sharti hilo 1993. Bush akalirudisha 2001. Obama akalifuta 2009, Trump akalirudisha 2017, Biden akalifuta 2021, Trump akalirudisha Januari 2025. Na mwezi huo huo fedha za misaada zikasimamishwa karibu zote, wafanyakazi wengi wa kliniki zilizotegemea USAID hapa Kenya wakatumwa nyumbani, na mama aliyezoea kuchukua dawa zake za ARV kwa mtu anayemjua jina akakuta mlango umefungwa. Upande wowote unaoushabikia kule ng'ambo, niambie: yuko mama wa Kenya aliyeulizwa hata mara moja katika miaka hiyo yote arobaini? Wao wanapokezana kiti, na yeye anapokezana foleni. Halafu sisi tunavaa rangi zao na kupiga kelele zao!

Na kelele zetu wenyewe je? Mnaukumbuka mwaka 2010, wa kura ya maoni juu ya Katiba mpya. Kulikuwa na kijani na nyekundu, Ndio na La. Viongozi wengi wa makanisa walisimama na nyekundu kwa sababu ya Mahakama za Kadhi na kwa sababu ya Ibara ya 26, inayosema uhai huanza mimba inapotungwa na inakataza kuitoa, isipokuwa mtaalamu wa afya aone ni dharura au uhai au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine iruhusu. Agosti 4 wananchi wakapiga kura, Ndio ikapata asilimia 67 hivi, tukaenda nyumbani. Tulihubiri sana mwaka ule. Tulifunga na kuomba. Nauliza mbele za Mungu: baada ya kura, ni nani kati yetu aliyekwenda kumtafuta msichana wa Kidato cha Pili aliyekuwa na mimba?

Tangu 1994 sera ya serikali inamruhusu arudi shuleni akishajifungua. Ni nani aliyemshika mkono akampeleka kwa mwalimu mkuu? Ni mama gani wa kanisa aliyesema, mwache mtoto kwangu, wewe nenda ukasome? Na yule mwanamume je? Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inamwita mhalifu ikiwa binti hajatimiza miaka 18. Sisi tunamwita mzee fulani, tunapokea mbuzi wake, tunamaliza maneno kimyakimya kwenye kikao cha familia mbili, na Jumapili anaimba sauti ya nne. Kisha tunapanda mimbarini kulaani utoaji mimba! Ndugu zangu, msichana anayeelekea kwa mtu wa vichochoroni na shilingi zake chache amekwisha kusikiliza mahubiri yetu yote. Ameyasikia yote, na hakuna hata moja lililomuuliza jina.

Nimekwisha kuwaudhi baadhi yenu, basi ngoja nimalizie kuwaudhi waliobaki. Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alipiga marufuku muguka, majani yanayotafunwa kama miraa, kule Mombasa. Milima yote huku ilichemka, kuanzia Mbeere hadi Nyambene. Rais akasema amri hiyo haina nguvu, mahakama ya Embu ikaisimamisha, tukashangilia. Najua karo ya watoto wa Mbeere inatoka kwenye kile kichaka, na najua ilivyouma Uingereza ilipoifungia miraa mlango mwaka 2014. Mkulima ana haki ya kusikika, na kule Pwani walilipiga marufuku zao lake bila kumwita. Lakini mama wa Kisauni aliyelia kwamba mwanawe wa shule anatafuna tangu asubuhi, sisi tulimwita adui wa Wambeere na Wameru. Alikuwa mama. Alisimama mlangoni pa hema kama mabinti wa Selofehadi, nasi tukamzomea. Niiteni msaliti, sitaliondoa neno hili.

Hapo ndipo dhambi yetu ilipo, wapendwa. Shetani hana haja ya kutufanya tuamini uongo. Anatosheka tukiushika ukweli huku tumempa mgongo yule unayemhusu. Mtu anaweza kuwa na hoja sahihi kuhusu mimba, kuhusu muguka, kuhusu kila ibara ya Katiba, na asiweze kutaja mtu mmoja aliyeketi naye akamsikiliza mpaka mwisho.

Kwa hiyo nawasihi, na ninyi wazee ndio nawasihi zaidi. Acheni kusambaza video ya mhubiri wa Marekani anayefoka, mpaka kwanza mmepanda ngazi za nyumba ya jirani yenu na kuuliza habari za binti yake. Wachungaji, mwanasiasa akija na bahasha na kuomba dakika tano za kuzungumzia maadili ya jamii, mwambieni aketi chini asikilize kama wengine. Akina baba, mbuzi akiletwa kufunika kosa, mrudisheni alikotoka na mwende kituo cha polisi. Akina mama, mmojawenu ajitolee leo, kabla jua halijatua, kumlelea mtoto msichana anayetaka kurudi darasani. Jina lake mnalijua, msiniulize mimi. Na mkutano wa vijana utakapoitishwa tena kuzungumza juu ya mambo haya, wazee njooni wote, ketini viti vya nyuma, zimeni simu, na mtu yeyote asifungue kinywa mpaka wasichana wamemaliza kusema.