Kisima cha Dada Yangu

Ujumbe wa mtoto wa marehemu dada yangu uliingia baada ya Isha, sauti ya dakika mbili na nusu, na nyuma yake honi za magari ya Doha. "Mama mdogo, shikamoo. Nimeshakusanya pesa. Nataka kumchimbia mama kisima." Kesho yake akaniletea kwa simu karatasi ya bei aliyopewa na mtu wa taasisi moja huko huko. Kisima cha bomba la mkono bei yake, cha tangi bei yake, cha sola bei yake. Katika bei zote tatu mlikuwa mmeshatiwa kibao cha marumaru chenye jina la marehemu, na video ya watoto wa madrasa wakimwombea dua. Alichotaka kwangu ni kitu kidogo tu: nimwonyeshe pa kuchimba.

Nikamwambia anipe wiki mbili. Akanijibu kwamba sadaka haicheleweshwi.

Mimi si mwanachuoni. Nimehitimu madrasa ya mtaani na skuli nimeishia darasa la saba. Lakini nilikuwa mweka hazina wa bomba la maji kwa miaka 19, hapa kijijini kwetu karibu na Msambweni, na kazi ile ilinifikisha kwenye maswali ya dini kwa mlango wa uani. Swali langu kubwa ni hili: mtu akitoa kwa nia safi, na alichotoa kisifike, au kifike kikaharibu, sadaka yake imekuwa sadaka? Hapa kwetu jibu liko tayari mdomoni. "Yeye ashapata thawabu zake." Nimelisikia msikitini, nimelisikia matangani, nimelisikia kwenye harambee za karo. Watu hulisema kwa upole, mtoaji asivunjike moyo. Mimi nimefika mahali silipendi hata kidogo.

Bomba letu lilitokana na mradi ulioanza Kwale mwaka 1983, wizara ya maji ikisaidiwa na Sweden na Benki ya Dunia. Walikuwa wakijaribu mabomba ya aina mbalimbali kutafuta litakaloweza kutengenezwa na wanakijiji wenyewe, na lililotoka kwenye majaribio hayo ndilo hilo Afridev ambalo leo liko Afrika nzima. Utamu wake ni kwamba spana moja yatosha. Unafungua kichwa, unavuta fito kwa mkono, unabadilisha mpira, unarudisha. Bomba la plastiki lililo chini hulisumbui. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni anaweza. Nimeweza.

Pamoja na bomba walikuja watu wa shirika la Kenya liitwalo KWAHO, wakakaa nasi chini ya mwembe vikao vingi kabla ya mtu yeyote kushika sululu. Wakasema wanawake lazima wawemo kwenye kamati, kwa kuwa maji ni mzigo wao. Wazee walinung'unika wakanyamaza. Mwaka 1989 mimi nikachaguliwa kushika pesa kwa sababu mbili: najua hesabu, na nilikuwa nimeachwa, kwa hivyo hakuna mume wa kutia mkono kwenye kopo. Kopo lenyewe lilikuwa la Kimbo, la kilo mbili. Kila nyumba shilingi 10 kwa mwezi. Daftari lilikuwa la skuli, kurasa 96, na kila aliyelipa alitazama jina lake likiandikwa.

Nisijifanye malaika. Mwaka wa ile mvua ya El Nino, mwishoni mwa 1997, jirani yangu alishikwa na uchungu usiku na mtoto amekaa vibaya. Barabara imekatika, mwenye gari anataka 1,500 kupitia njia ya juu hadi hospitali. Koponi mlikuwa na 2,140. Nikachukua. Sikuamsha mtu. Mama akaokoka, mtoto akaokoka, ni kijana mkubwa sasa, ana pikipiki yake ya abiria. Nikasema moyoni nitarudisha kidogo kidogo, na nikawa narudisha. Kabla sijamaliza, bomba likafa. Mipira na bushi vilikuwa vya kununua Ukunda na pesa hazikutosha. Wiki tatu wanawake walichota kwenye shimo la wazi lililojaa maji ya mafuriko, na watoto wakaharisha nyumba kwa nyumba.

Nikaitisha kikao nikasema nilichofanya. Nilitarajia matusi, na nilikuwa na utetezi wangu: nimeokoa roho mbili. Nani angebisha? Bibi mmoja, mkongwe, aliyekuwa akilipa kwa sarafu alizofunga kwenye pindo la leso, akaniambia: "Ungebisha hodi tungetoa. Wewe hukutuibia pesa. Umetuibia kutoa."

Nimelitafuna neno lile kwa miaka zaidi ya 25. Mpaka siku ile nilidhani amana ni pesa kukaa salama. Kumbe mle koponi mlikuwa na kitu kingine. Shilingi 10 ya yule bibi ilikuwa tendo lake, limetoka kwake likiwa na njia yake: limpe maji yeye na jirani zake. Nilipoligeuza njia, hata kuelekea kwenye jambo tukufu zaidi, lilikoma kuwa tendo lake likawa langu. Nilijipatia wema kwa jasho la mwenzangu. Na thawabu, kama zilikuwepo, nilikuwa nimezinyakua bila kubisha hodi.

Wanachuoni wa wakfu wamelijua hili zamani. Wanasema sharti la mwenye kuweka wakfu huheshimiwa kama linavyoheshimiwa andiko la sheria. Nilikuwa nikiona ni ugumu wa bure. Siku hizi naona ni adabu kwa mtu asiyekuwepo kujisemea.

Ipo hadithi masheikh wetu huipenda, katika Bukhari na Muslim, ya mtu aliyetoka usiku kutoa sadaka akampa mwizi bila kujua. Usiku wa pili akampa mzinifu. Wa tatu akampa tajiri. Watu wakamsema. Akaambiwa sadaka yake ina maana: huenda mwizi akaacha wizi, mzinifu akaacha uzinifu, tajiri akajifunza kutoa. Hadithi hii ndiyo inayoegemewa kila mara mtu akisema "ashapata thawabu zake". Lakini itazameni vizuri. Mtu yule alitoa kwa mkono wake, gizani, na kesho yake akasikia habari ya sadaka yake. Alipojua imeangukia pabaya akatoka tena. Usiku wa pili, usiku wa tatu. Hakulala akisema yaliyobaki ni ya Mungu. Kisha hapakuwa na mtu wa katikati. Ya mtu wa katikati ni hadithi nyingine kabisa, ya Ibn Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya zaka akarudi akisema hizi zenu na hizi nimezawadiwa. Mtume akauliza mbele ya watu: mbona hakukaa nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama zawadi hizo zingemfuata? Hapo hakuna upole wa nia. Aliyebeba cha watu hesabu yake ni ya mchana, hadharani.

Na dini haikumtaka abebe kwa njaa. Sura ya Tawba, aya ya 60, inapotaja wanaostahiki zaka inawataja pia wanaoitumikia. Omar alipoweka wakfu shamba lake la Khaybar, lisiuzwe, lisirithiwe, alimruhusu msimamizi ale humo kwa wastani, bila kujilimbikizia. Mimi kwa miaka 19 sikulipwa hata nauli ya Ukunda, na watu walinisifu kwa hilo. Kusifiwa kulikuwa rahisi kwao kuliko kunilipa, na kwangu kulikuwa kutamu kuliko nauli. Taasisi inayojigamba kwamba kila senti yenda kwa maskini hunitia wasiwasi: anayekwenda kununua mipira anakula nini? Asipolipwa waziwazi, siku moja atajikopesha usiku, na atakuwa na sababu nzuri kama yangu.

Bomba letu halikuuawa na mwizi, wala na mimi. Liliuawa na sadaka. Mwaka 2008 taasisi moja ya ng'ambo ilikuja kuchimba kisima ubavuni mwa msikiti, na paneli za sola, tangi, mifereji minne, kibao cha marumaru. Hatua mia mbili kutoka kwenye bomba. Walimaliza kwa siku 11. Hawakuuliza kama hapa pana kamati, kama pana daftari. Maji yalikuwa bure. Nani alipe shilingi 50 kwa mwezi, kwa maana tulikuwa tumeshafika hapo, na maji ya bure yanamwagika pale? Michango ikakauka kabla ya bomba. Mimi mwenyewe, sitaficha, nilichota msikitini.

Mashine ikaenda miaka miwili na miezi. Siku iliposimama tukaanza kutafuta wa kuambiwa. Kibao kilikuwa na jina la marehemu. Namba ya simu ya aliye hai hakikuwa nayo. Bomba la zamani nalo fito zilishashika kutu na watoto wameshatia mawe. Visima viwili, na wanawake wakarudi shimoni. Hapo hakuna aliyeiba hata shilingi. Na ile video ya ufunguzi bila shaka ingali kwenye simu ya mtu huko aliko, akiitazama machozi yanamtoka, maji yanaruka, watoto wanaitikia amina.

Kaka yangu aliyeendesha lori Turkana aliniambia habari za Kalokol, kule Norwe ilikojenga kiwanda cha kugandisha samaki wa ziwa, ili wafugaji wawe wavuvi. Mamilioni ya dola. Kugandisha samaki kwenye joto lile kulikula umeme na maji safi kuliko thamani ya samaki wenyewe. Kiwanda kikaenda siku chache kikafungwa, kisha ukame wa miaka ya 1980 ukaja, ziwa likajivuta kutoka kwenye ghuba waliyovulia. Kaka alicheka aliponihadithia. Mimi nilifikiria mfereji wa msikitini.

Sasa tazameni jina linalopewa visima kama hivi. Sadaka jariya, ile ambayo hadithi inasema haikatiki mtu akifa, jariya maana yake ni yenye kupita, yenye kutiririka. Nani hupata nini mbele ya Mungu sijui, na sitaki kuwa karani wa huko. Lakini neno lenyewe limefungwa kwenye mwendo. Kisima kilichosimama, tukikiita jariya, tunaita kwa kumbukumbu tu. Anayesema "ashapata thawabu zake" amemwambia mtoaji kwamba yaliyotokea baada ya mkono wake kufunguka hayamhusu. Amemfungulia mlango mweka hazina ajikopeshe, na taasisi ipige picha iondoke, kwa kuwa aliyetoa ameambiwa haulizi. Kuuliza kunaonekana kama kudai, kama kusimbulia. Mimi naona mtoaji asiyeuliza ameacha sadaka yake njiani kama mtoto aliyetumwa dukani na hakuna anayetazama kama amerudi.

Mwaka 2011, wakati wa ile njaa ya kaskazini, nilituma shilingi 50 kwa M-Pesa kwenye Kenyans for Kenya ya Msalaba Mwekundu. Walilenga milioni 500 na wakapita kabla ya mwezi kwisha. Kilichonikaa moyoni ni kule kutangaza jumla, leo zimefika hapa, leo pale. Lile lilikuwa daftari, na jina langu nililiona humo japo halikuandikwa.

Basi wiki mbili zangu zilikwisha. Nilikwenda kwenye bomba la zamani na fundi, tukatoa mawe, tukapima. Kisima ni kizima, maji ni baridi, hayana chumvi. Ukichimba karibu na bahari zaidi ya hapo huna hakika na chumvi. Panahitajika fito, mipira, bushi, mshikio, na sakafu ya saruji. Bei yake haifiki robo ya kisima cha bei rahisi kwenye ile karatasi ya Doha. Robo tatu zingebaki kulipa matengenezo kwa miaka; hapa Kwale siku hizi wako mafundi wa kulipwa kwa mwezi, FundiFix, kazi yao ndiyo hiyo.

Nikampigia mwanangu. Nikamkumbusha Uthman na kisima cha Ruma kule Madina: mwenyewe alikuwa akiuza maji, Uthman akakinunua akakiacha kwa watu wote, naye akachota kama mwenziwe. Hakuchimba kipya.

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto niliyemlea, "Lakini mama mdogo, jina la mama litaandikwa wapi?"

Sikuwa na jibu la haraka. Saad bin Ubada naye alimchimbia mama yake kisima akasema hiki ni cha mama wa Saad. Kutamani jina si dhambi. Dada yangu alichota kwenye bomba lile tangu limetiwa. Mshikio wa zamani umeingia bonde pale mikono iliposhika, na mmoja wa mikono hiyo ni wake.

Jana nilinunua daftari jipya. Ukurasa wa kwanza nikaandika jina lake juu, kwa wino, na chini yake: fito 8, mipira 4, bushi 2, saruji mifuko 3, nauli ya mweka hazina shilingi 200. Nikapiga picha ukurasa, nikamtumia. Alama mbili za buluu zimetokea tangu Alasiri. Bado hajajibu.