Picha Ambayo Monet Hakuiuza

Mwaka 1872, katika bustani ya nyumba aliyopanga Argenteuil, mji ulio jirani na Paris kando ya mto Seine, mchoraji Claude Monet alimchora mwanawe Jean. Mtoto alikuwa na miaka mitano hivi. Amevaa kofia, amepanda farasi wa kuchezea mwenye magurudumu matatu, na nyuma yake ni majani mabichi ambayo brashi imeyapitia harakaharaka.

Katika picha nyingi za bustani za Monet, binadamu ni doa tu la rangi kati ya maua. Hapa sivyo. Jean ameshika katikati ya picha, na umbo lake limechorwa kwa subira ambayo mchoraji huyu hakuwapa watu wengi.

Subira hiyo ina historia. Jean alizaliwa Agosti 1867, wazazi wake wakiwa hawajafunga ndoa, ukoo wa baba ukimkataa Camille, mama yake, na baba mwenyewe akiwaandikia marafiki barua za kuomba hela. Miaka mitano baadaye kuna nyumba, kuna bustani, kuna farasi wa kuchezea. Mimi naiona picha hii kuwa ni shukrani ya mzazi aliyevuka dhiki.

Na hakuiuza. Hata kwenye maonyesho hakuipeleka, yeye ambaye riziki yake ilikuwa kuuza picha, na ambaye dhiki ilikuja kumrudia. Camille alifariki mwaka 1879. Jean naye akamtangulia baba yake, Februari 1914, baada ya kuugua. Monet aliishi miaka 12 zaidi, na alipokufa mwaka 1926 picha ilikuwa bado yake.

Jambo hili linanigusa sana mimi mzazi wa zama za simu. Mtoto akipiga hatua ya kwanza asubuhi, adhuhuri ameshaonwa na watu ambao hata salamu hatujawahi kupeana nao. Macho yetu yameshamwacha, tunahesabu laiki. Sisemi mapenzi yetu ni haba. Nasema tunamgawa kwa watu kabla sisi wenyewe hatujashiba kumtazama.

Leo picha ya Jean iko Metropolitan Museum of Art, New York, na wageni wa kila taifa husimama mbele yake. Sioni ubaya. Baba yake alishakaa nayo miaka 54.