Dhana si Yakini: Juu ya Khabari za Mtoto Aliye Tumboni

Tumeletewa swali na mmoja katika wasomaji wetu, nasi tumeona haifai kulijibu kwa barua ya siri, kwani ni swali la nyumba nyingi. Yeye aeleza kuwa mkewe ana mimba ya miezi mitatu; alipimwa damu na kupigwa picha ya tumbo, kisha wakaambiwa kuwa upo uwezekano wa 1 katika 80 wa mtoto kuwa na hali iitwayo Down. Tangu siku hiyo nyumba haina usingizi. Mama wa mume asema ni jicho la watu. Ndugu zake wasema ndiyo malipo ya kuoa mwanamke aliyekwisha kuwa mtu mzima. Rafiki mmoja amemshauri mimba itolewe upesi kabla watu hawajajua, na mwingine amemwambia kwamba kupima kwenyewe kulikuwa ni kuingilia mambo ya Mungu. Naye auliza neno moja tu: yatupasa tuamini lipi?

Swali hili kwa nje ni la tiba, lakini ndani yake ni swali la dhamiri: mtu akipewa khabari isiyotimia, ana haki ya kufanya nini kwayo? Wala hatuwezi kulijibu mpaka tuijue kwanza khabari yenyewe ni ya namna gani, kwa sababu wengi katika hao wanaotoa hukumu hawakuuliza hata hilo.

Hali ya Down imeitwa kwa jina la daktari Mwingereza, John Langdon Down, aliyeieleza mwaka 1866. Sababu yake haikujulikana mpaka mwaka 1959, Jérôme Lejeune na wenzake wa Ufaransa walipoonyesha ya kuwa watoto hawa wana kromosomu 47 badala ya 46, kwa kuwa ile ya 21 imezidi moja. Kromosomu ni vile vijiuzi vilivyomo katika kila chembe ya mwili, vyenye kubeba urithi wa mtu kutoka kwa wazazi wake. Mtoto mwenye hali hii hukawia kujifunza, na karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo.

Ama vipimo, viko vya namna mbili, na kutozipambanua namna mbili hizi ndiko kulikoleta fitina yote. Namna ya kwanza ni kipimo cha kupeta. Mama apetapo mchele juu ya uteo, hasemi kuwa kila kilichokusanyika ukingoni ni chuya. Yeye hutenga upande mmoja kile anachokitilia shaka, kisha hukaa chini akakichagua kwa mkono. Ndivyo zilivyo picha na damu zinazochukuliwa baina ya wiki ya 11 na ya 14. Daktari hupima maji yaliyo nyuma ya shingo ya mtoto, huangalia vitu fulani katika damu ya mama, huongeza umri wa mama, kisha hupiga hesabu. Hakumwona mtoto kuwa ana hali hiyo wala kuwa hana. Alichokifanya ni kumtenga upande wa shaka.

Namna ya pili ndiyo kuchagua kwa mkono. Sindano huingizwa tumboni, kwa kawaida tangu wiki ya 15, yakachotwa maji kidogo yanayomzunguka mtoto, na kromosomu zake zenyewe zikahesabiwa. Jambo hili limewezekana tangu mwaka 1966. Lina khatari ya kuharibika mimba, lakini mikononi mwa mabingwa khatari hiyo haifiki 1 katika 100.

Baina ya hivyo viwili kimekuja kipimo cha damu kilichotokana na uvumbuzi wa Dennis Lo na wenzake, walioonyesha mwaka 1997 ya kuwa katika damu ya mama mna vipande vya urithi wa mtoto. Kipimo hiki ni hodari kuliko vile vya kwanza, na wengi hudhani kwamba kimemaliza maneno. Hakikuyamaliza. Vipande hivyo hutoka katika kondo la nyuma, na mara nyingine kondo huwa na hitilafu ambayo mtoto hanayo. Kwa hiyo nacho ni cha kupeta, ijapokuwa uteo wake ni mzuri zaidi.

Sasa na tupige hesabu ya mfano. Tuchukue wanawake 10,000 wenye mimba, na tuseme kuwa 20 kati yao wamebeba mtoto mwenye hali hii. Kipimo chagundua 9 katika kila 10, basi chawaonyesha 18. Lakini kipimo hicho hicho chawatia shaka, pasipo sababu, watu 5 katika kila 100 ambao watoto wao ni salama, nao ni kama 499. Jumla ya walioambiwa khabari ya kuogofya ni 517, na waliokuwa nayo kweli ni 18, yaani mmoja katika kila 29 hivi. Wala tusisahau wale wawili waliobaki, ambao mama zao waliambiwa maneno mema wakaenda zao wakishukuru.

Basi ndugu yetu aliyetuuliza ameambiwa nini? Ameambiwa kwamba katika wanawake 80 wenye jibu kama la mkewe, 79 watoto wao hawana hali hiyo, na mmoja anaye. Hakuambiwa kuwa yeye ndiye huyo mmoja, wala hakuambiwa kuwa siye. Hii ndiyo waitayo wanachuoni wetu dhana, na kwa karne nyingi wameifundisha tofauti iliyoko baina yake na yakini. Katika misingi mikuu ya fiqhi umo huu, ya kuwa jambo lililothibiti haliondolewi na shaka. Kila mwanafunzi wa chuoni aujua anapotilia shaka udhu wake. La ajabu ni kuwa tunautumia katika udhu, kisha tunausahau inapokuja roho ya mtoto na heshima ya mama yake.

Kwa mizani hii na tuyapime maneno ya wale washauri.

Yule aliyesema mimba itolewe upesi amegeuza dhana kuwa hukumu. Hatukukusudia hapa kutoa fatwa juu ya kutoa mimba, lakini twataka kuwazindua wasomaji kwa jambo moja. Baraza la Fiqhi la Rabita ya Makka lilipolizungumza suala hili mwaka 1990, halikuruhusu ila kabla ya siku 120, kwa ombi la wazazi, na kwa sharti ya kuwa kamati ya madaktari mabingwa waaminifu imethibitisha kwa vipimo ya kuwa mtoto ana kasoro kubwa isiyo na tiba. Baada ya siku hizo halikuruhusu ila kwa khatari ya maisha ya mama. Ikiwa hali ya Down yaingia katika kasoro hizo au haingii, hilo wanachuoni wamekhitilafiana. Lakini hata hao walioruhusu hawakuruhusu kwa khabari ya 1 katika 80, wametaka uthibitisho. Na sheria ya nchi yetu nayo, katika Katiba ya mwaka 2010, haikuiacha njia hii wazi: yakataza ila kwa dharura ya tiba, au maisha au afya ya mama ikiwa khatarini, au sheria nyingine ikiruhusu. Basi mwenye kuharakisha hana pa kuegemea.

Yule aliyesema ni jicho, na wale waliosema ni kosa la mke, nao wamefuata wasilolijua. Ni kweli kwamba uwezekano wa hali hii huongezeka kwa umri wa mama; karibu na miaka 40 hufika kama 1 katika 100. Lakini umri si dhambi. Kromosomu huzidi pale yai linapojigawa, kabla mimba haijaingia, pasipo chakula alichokula mama, wala kazi aliyoifanya, wala neno alilolisema mtu. Mume anayemwacha mkewe apambane na maneno ya nyumba nzima kwa jambo ambalo halijathibiti, na ambalo lau lingethibiti lisingekuwa kosa lake, amedhulumu mara mbili. Hirizi zitakazonunuliwa kumkinga mtoto hazitapunguza wala hazitaongeza kromosomu moja. Zitapunguza fedha ya kipimo cha pili.

Ama yule aliyesema kupima ni kuingilia mambo ya Mungu, yeye twamjibu kwa upole, kwani nia yake ni njema. Atoa hoja kwamba Mwenyezi Mungu peke yake ndiye ajuaye yaliyomo matumboni. Nasi twaamini hivyo. Lakini daktari hakudai elimu hiyo. Ametazama dalili, kama baharia atazamavyo mawingu, akasema 1 katika 80. Nambari hiyo yenyewe ni kukiri kwamba hajui! Waliodai kujua ni waliokaa barazani. Na kutegemea Mungu hakukuwa kamwe kuacha sababu. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimfundisha mtu kumfunga ngamia wake kisha ndipo ategemee.

Hata hivyo, mume na mke wakikubaliana kutopima, kwa kuwa wamekwisha azimia kumpokea mtoto vyovyote atakavyokuwa, hatuwalaumu. Hiyo ni khiari yao. Tunachokilaumu ni kupima kisha kuikimbia khabari. Na kujua kuna faida hata kwa asiyekusudia ila kumlea mtoto wake: moyo wenye kasoro ukijulikana mapema, mama atazalia katika hospitali yenye bingwa, na mtoto hatasubiri mpaka abadilike rangi. Huko Marekani mwaka 1983 wastani wa maisha ya mwenye hali ya Down ulikuwa kama miaka 25. Sasa, penye tiba nzuri, hufika kama miaka 60. Urithi wao haukubadilika. Kilichobadilika ni kwamba watu walikubali kuwajua na kuwatibu.

Limebaki kundi moja, nalo ndilo la watu wema zaidi: wale wanaomwambia mama, "Usijali, haliwezi kuwa, wewe ni mcha Mungu." Hii nayo ni dhana iliyovaa nguo ya imani. Yule mmoja katika 80 ni mtoto wa kweli, na mama yake huenda naye ni mcha Mungu. Akija kuzaliwa, mama aliyeahidiwa kuwa haliwezi kuwa ataona kuwa ama Mungu amemkasirikia ama imani yake ilikuwa bandia. Faraja ya haki ni kumwambia kwamba lililo kubwa ni salama, kwamba likiwa jingine hatuachi mkono wako, na kwamba kesho tutakwenda pamoja kuuliza.

Na waulize haya. Kipimo hiki ni cha kutilia shaka au cha kuthibitisha? Katika wanawake 100 wenye jibu kama letu, ni wangapi ambao watoto wao huwa na hali hiyo kweli? Kipimo kitakachofuata ni kipi, khatari yake ni kiasi gani, na siku ya mwisho ya kukifanya ni lini? Na ikithibiti, mtoto atahitaji nini, na tukazalie wapi? Daktari asiyekuwa na nafasi ya kujibu maswali haya hajaitimiza amana yake, na mume anayemwacha mkewe aende peke yake kuyauliza hajaitimiza yake.

Ndugu yetu ameuliza aamini lipi. Twamwambia aamini kiasi kile kile alichoambiwa, wala asizidishe wala asipunguze, na mpaka kipimo cha pili kisemapo, nyumbani kwake asihukumiwe mtu. Mwenyezi Mungu amjaalie mkewe afya, na atujaalie sote kuipa kila khabari haki yake. Amin.