Sadaka ya Kompyuta Mbovu

Mtu akitoa kitu ambacho yeye mwenyewe asingekipokea, je, ametoa sadaka? Qurani, katika Sura ya Al-Baqara, inawakataza waumini kuchagua kilicho kibaya ili wakitoe. Nabii Malaki naye aliwakemea makuhani waliopeleka madhabahuni wanyama vipofu na vilema.

Swali hilo la kale limepata makao mapya Agbogbloshie, kando ya mto Odaw jijini Accra, Ghana. Kwa miaka mingi kompyuta na televisheni kuukuu kutoka Ulaya na Marekani, nyingine zikiitwa misaada, ziliishia hapo. Vijana, wengi wao kutoka kaskazini mwa nchi, walichoma nyaya ili plastiki iungue wapate shaba. Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba mayai ya kuku waliodonoa hapo yamepimwa: yai moja tu lilimpa mlaji sumu ya dioksini mara 220 ya kiwango cha siku kinachokubalika Ulaya.

Serikali ilibomoa eneo hilo mwaka 2021. Uchomaji ukahamia jirani.

Lakini mafundi wa Accra hufufua vifaa vingi, na mtoto anayejifunzia kompyuta iliyotengenezwa amefaidika kweli. Kosa si ukuukuu. Kosa ni la mtoaji ambaye hakubonyeza hata kitufe kuona kama kifaa kinawaka, akafunga kontena na kujihesabia thawabu. Mkataba wa Basel wa 1989 unataka nchi inayopokea taka hatari iridhie kwanza kwa maandishi. Kijana wa pale Odaw, mwenye nyaya mkononi, hakuulizwa na mtu.