Pingili za sadaka

Hapa Mahurunga, mvua za Desemba zikianza, pingili za mihogo hazinunuliwi. Jirani anakukatia shambani mwake, unashukuru, unapanda. Mjane mmoja alipanda za kupewa hivyo. Majani yakajikunja, yakaingia madoa ya njano: batobato. Msimu ukaisha hana makopa ya kujaza tenga. Akaja kwangu barazani: "Shikamoo mwalimu. Aliyenipa zile pingili, ana dhambi?"

Jibu la haraka la fiqhi ni kwamba hana, maana hakujua. Lakini fiqhi hiyohiyo inamtaka aliyeharibu mali ya mwenzake bila kukusudia ailipe. Dhambi inaondoka, hasara inabaki, na mtu lazima aibebe.

Nimelifikiria sana, kwa sababu siku hizi ugonjwa ule unaweza kujulikana. Virusi vya batobato vina DNA, na ipo mashine ya kushika kiganjani, MinION, yenye utando uliotobolewa matundu madogo mno yanayopitisha umeme. Uzi wa DNA ukipenya tunduni, umeme unapanda na kushuka kufuatana na herufi zake, na kompyuta inazisoma. Watafiti wa Tanzania, Uganda na Kenya, akiwamo Joseph Ndunguru wa kwetu, waliipeleka shambani. Taarifa yao ya 2019 inaeleza maabara iliyotandazwa chini ya mti, na majibu kupatikana saa chache baada ya jani kuchumwa.

Wapo wazee wanaosema huko ni kuchungulia ghaibu. Sikubaliani nao. Siku ya Kiyama ni ghaibu. Kirusi kilicholetwa na inzi mweupe ni kiumbe kilichokwisha kuwapo. Mwezi hauwi ghaibu kwa kufunikwa na wingu.

Kwa hiyo nilimwambia: jirani yako hana dhambi, usimkatie salamu. Deni ni letu sote. Kupima pingili kabla ya kugawana nakuhesabu kuwa faradhi kifaya, kama kuzika maiti: wachache wakitimiza, wote tumesalimika, tukiacha, tunaulizwa wote. Wataalamu wa kilimo wako Naliendele, mkoani humuhumu. Nimeomba sehemu ya mfuko wa msikiti ilipie nauli ya kuwafuata.

"Na mwaka huu nipokee za nani?" akauliza.

Za jirani yuleyule, nikamjibu. Mkague naye kila shina kabla ya kukata, na likichomoza jani la batobato, mng'oe mche mapema, wote wawili mkiwapo.