Dalili Zilikuwepo: Funzo la Pikipiki za Uingereza

Miaka ya 1950, pikipiki ya Kiingereza ilikuwa fahari ya mwenye nayo. BSA ya Birmingham ilikuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa kabisa duniani, na Triumph, iliyoinunua mwaka 1951, ilipendwa mno Marekani. Miaka ishirini na kidogo baadaye BSA ilikuwa imekwisha. Kisa hiki nakieleza kwa ajili yetu sote tunaosimamia kazi, iwe karakana, duka au ushirika, kwa sababu walioanguka hawakuwa wajinga. Walikuwa watu kama sisi, na faida walikuwa wanaiona.

Onyo la mapema lilitoka kwa mtu wao wenyewe. Mwaka 1960 Edward Turner, aliyeongoza kitengo cha pikipiki cha BSA, alikwenda Japani kutembelea viwanda, akarudi na habari za uzalishaji mkubwa na mitambo ya kisasa. Mwaka uliofuata Honda wakashinda madaraja ya cc 125 na 250 katika mashindano ya Kisiwa cha Man, nyumbani kabisa kwa Waingereza. Hata hivyo wakubwa walijiliwaza: Mjapani atauza pikipiki ndogo, kijana atajifunzia, akikomaa atakuja kununua kubwa kwetu. Ndugu zangu, tuiogope faraja ya namna hii. Mshindani akichukua wateja wadogo, tujiulize nani atamlazimisha abaki mdogo.

Dalili nyingine ilikuwa chini ya pikipiki yenyewe. Kasha la injini nyingi za Kiingereza lilikuwa vipande viwili vilivyoungwa kwa wima, na mafuta yalivuja kwenye maungio. Mwenye pikipiki aliiegesha jioni, asubuhi akakuta doa jeusi sakafuni. Wateja walilalamika mpaka wakachoka, kiwandani ikazoeleka kwamba ndivyo zilivyo. Wajapani waligawa kasha kwa ulalo, wakalichonga kwa usahihi, injini ikabaki kavu.

Mwaka 1969 ikaja Honda CB750: silinda nne, breki ya diski mbele, inawaka kwa kubonyeza kitufe. BSA na Triumph walikuwa na pikipiki yao ya silinda tatu, ambayo mfano wake ulikuwa ukitembea tangu katikati ya miaka ya 1960. Ilicheleweshwa hadi 1968, na ilipotoka bado ilitaka kupigwa kiki.

Linaloniuma zaidi ni la fremu mpya ya 1971. Kampuni ilikuwa imeweka wabunifu wake katika jumba la Umberslade Hall, mbali na viwanda. Michoro ilichelewa. Ilipofika Meriden, kwenye kiwanda cha Triumph, injini ikakataa kuingia kwenye fremu iliyobuniwa kwa ajili yake! Kiti nacho kilikuwa juu mno, mtu mfupi hafikishi miguu chini. Mafundi wakakaa bila kazi huku msimu wa mauzo Marekani ukipita. Tusifike mahali mchoraji na fundi hawaonani.

Mwaka 1973 BSA ikamezwa katika kampuni mpya kwa msaada wa serikali. Ilipotangazwa kwamba Meriden itafungwa, wafanyakazi walikikalia kiwanda, baadaye wakakiendesha kama ushirika hadi 1983. Jina la Triumph likanunuliwa na mjenzi wa nyumba, John Bloor. Kabla ya kujenga kiwanda kipya Hinckley, wakuu wake walikwenda Japani kuangalia viwanda vya washindani wao.